Mngoje Chini

Kiwanja cha Duqm, saa kumi na moja alfajiri.
Joto limejilaza, halijasinzia.
Ndege yetu ilikuwa ya mizigo. Wameing'oa viti,
wakabakisha tisa huko mkiani,
na mimi, niliyeshona viti vya magari Ruwi miaka kumi na tisa,
nikaitwa niivishe godoro: kuta, sakafu, dari,
turubai jeupe, uzi mara mbili.
Kila pembe niliyoishona nimeipiga kwanza kwa kichwa changu.

Wanafunzi ni wanne. Wa tatu ni Thuwaiba binti Khalfan,
jana mhandisi wa mabomba ya mafuta kule Marmul.
Soksi zake hazifanani, moja njano, moja kijani.
Makusudi, anasema,
ili nikikosa juu na chini, nisikose kulia na kushoto.

Kwanza ndege huinua pua.
Hapo uzito huja kudai deni lote, na riba juu yake:
shavu linateremka, kope ni mlango wa chuma,
mkono unaomba ruhusa ya kuinuka, unanyimwa.
Msigeuze shingo, nawaambia. Tazameni mshono mmoja.
Rubani anahesabu kwa Kiarabu,
fundi mitambo anajibu kwa Kiingereza,
nami kimoyomoyo nahesabu kwa lugha ya mama yangu,
aliyeletwa Maskati ana miaka saba
na hadi leo kijiko kikimponyoka hukigombeza kwa Kiswahili.

Halafu

tumbo linanyamaza.

Sekunde ishirini na mbili.
Si kuruka. Humu hakuna arukaye.
Tunaanguka, sote, na ndege yetu,
kwa mwendo mmoja, kwa adabu,
kama wageni wanaoondoka karamuni bila kusukumana mlangoni.

Kazi ya Thuwaiba ni parafujo moja, bamba moja.
Anageuza spana; spana inamgeuza yeye.
Soksi ya njano inapita usoni pangu.
Namshika kisigino, namrejesha kwenye mkanda,
na mfukoni mwake inatoka, polepole, punje ya iliki,
inazunguka, haina haraka,
naye anaacha parafujo, anaacha spana, anaifuata:
"Ala! Iliki ya mama! We, rudi hapa!"

Kiswahili. Cha Unguja, cha jikoni, kisichopigwa pasi.
Redioni rubani anauliza, amesema nini huyo?
Hakuna anayemjibu.
Nilicheka hadi chozi likanitoka, lakini halikudondoka;
lilikaa jichoni, duara, likitetemeka.

"Miguu chini!" Nikapaza sauti.
Ardhi ikatuvuta kama aliyechoka kusubiri.

Mara thelathini siku hiyo.
Ya kumi na moja alitapika, akajipangusa, akaomba spana.
Ya kumi na nane parafujo iliingia.
Hakushangilia. Aliifungua, akaanza upya.

Langoni, kivulini mwa gari, mama yake:
ameendesha kutoka Al Khoud usiku kucha,
chupa ya chai mapajani, viatu amevivua.
Nikamsalimu kwa Kiswahili, akanitazama mara mbili.
"Majirani wananicheka," akasema. "Binti yangu ataka kukaa juu ya mawingu.
Nawaambia, aliye juu mngoje chini.
Basi, si ndiyo hivi nangoja?"
Wahenga walilitunga neno hilo kumsuta mtu.
Yeye alilisema huku akifungua kifuniko, akipuliza mvuke,
akimkagua mwanawe anayekuja, soksi mkononi,
akitembea kama mtu aliyeazimwa miguu.

Iliki haikuonekana. Tulipekua hadi mkiani.

Alhamisi, nikirekebisha dari iliyochanika,
niliikuta imejificha mshononi, kijani bado.
Nikainusa.
Ningeweza kumrudishia; anakaa nyumba ya tatu kutoka karakana.
Nikairudisha palepale, nikatia uzi sindanoni,
nikashona juu yake mishono sita.